Jina la Mwituni

Zuwena alipofika kwangu Wete baada ya Idi, jambo la kwanza aliloniambia, sijamaliza hata kumuitikia salamu, ni kwamba nimenenepa. Amekaa Kisiwa Panza tangu alipoolewa, kusini kabisa, na mimi niko huku kaskazini, na kisiwa hiki ambacho wageni wanakiona kidogo kimetosha kutuweka mbalimbali miaka chungu nzima. Tunaonana misibani na harusini, tena kwa haraka, mmoja anapakua wali na mwengine anatafuta viatu vyake. Safari hii alikuja kutazamwa macho hospitali, akaambiwa asubiri dawa, na kusubiri hakuwezi. Siku ya pili tu akasema, "Hebu nipeleke Ngezi, Mize. Nasikia siku hizi watu huja kuutembea msitu kwa raha zao." Nikamwambia magoti yangu hayataki. Akanijibu kuwa hakuyaalika magoti, kanialika mimi.

Pale mwanzo wa msitu pana kibao chenye mchoro wa njia: inaanzia hapo, inafuata mto, inauvuka, inazunguka ndani ya miti mikubwa, inauvuka tena na kurudi pale pale ilipoanzia. Msichana anayetembeza wageni, Rahma, mwenye buti za mpira na simu mkononi, alitueleza kwa adabu kwamba mzunguko ule ni mwepesi, hata watu wazima wanaumudu, na kwamba tukichoka tumwambie. Nikamtazama Zuwena, Zuwena akanitazama, tukacheka mpaka mtoto wa watu akaona haya. Atajuaje? Njia hiyo anayotuonesha tuliitembea kabla mama yake hajazaliwa, ikiwa haina kibao wala daraja, na mimi nusura nife ndani yake.

Mwaka ule nilikuwa mwalimu wa kujitolea, nina miaka kumi na tisa na kiburi cha kuwatosha watu wanne. Nilipewa darasa la pili katika skuli moja ya vitongoji vya Makangale, na mahali pa kulala kwa Mzee Shaame na mkewe Bi Hidaya. Chumba nilichangia na Zuwena, mtoto wa marehemu ndugu yake Mzee Shaame, ambaye Mzee ndiye aliyemlea. Kilikuwa chumba cha uani, kuta za udongo, kitanda kimoja cha kamba, na sisi tukilala mzungu wa nne, kwa hivyo miguu ya Zuwena niliijua kabla sijaujua vizuri uso wake. Ukutani zilitundikwa chane za ukindu zilizotiwa rangi, nyekundu na zambarau, zikingojea kusukwa mikeka, na harufu ya rangi iliyochemshwa iliingia mpaka katika madaftari ya wanafunzi wangu. Kuta zenyewe hazikufika paani. Aliyekohoa ukumbini tulimsikia kitandani, na aliyenong'ona kitandani alisikika ukumbini, na adabu ya nyumba ile ilikuwa kujifanya hukusikia. Mimi adabu hiyo sikuwa nayo. Nilisikiliza kila kitu, na leo nashukuru, maana ningelijifanya kiziwi nisingekuwa na la kusimulia.

Jioni moja mwalimu mkuu alikuja akakaribishwa chakula. Wanaume walikula ukumbini, sisi uani, na sahani yetu ilikuwa ya muhogo wa nazi na papa mkavu. Nakumbuka kwa sababu Zuwena alikuwa ametia tonge mdomoni na halikuteremka. Mwalimu mkuu alisema, "Mzee Shaame, binti yako kachaguliwa tena kusomea uuguzi Unguja. Mwaka jana hukumpeleka. Safari hii asiporipoti mwanzo wa wiki ijayo, nafasi anapewa mwengine, na tena hawamchagui." Tukamsikia Mzee Shaame akimsogezea mgeni bakuli. "Alhamdulillahi," akasema. "Mwakani, inshaallah." Mwalimu akamwambia hakuna mwakani, ndiyo hiyo habari aliyokuja nayo. "Mwakani yaja," akajibu Mzee Shaame, taratibu kama kawaida yake. "Tia mchuzi, mwalimu, waula muhogo mkavu."

Angekuwa mtu mkali ingekuwa nafuu, kwa kuwa mkali unaweza kumchukia. Mzee Shaame hakuwahi kumkatalia Zuwena jambo lolote. Alimwambia mwakani, na mwakani ikifika alimwambia mwakani, huku akimletea mafuta ya nywele kutoka Konde na kumbakishia kichwa cha samaki. Baada ya sala ya isha siku ile, mgeni keshaondoka, tulimsikia akisema na mkewe upande wa pili wa ukuta. "Namuogopea, Hidaya. Ntoto wa watu huyu. Akinipotelea huko, babake nikenda kumuona akhera ntamwambia nini?" Bi Hidaya alisema, "Na huku je, hapotei?" Zuwena alikuwa amelala chali, macho wazi, vidole vya miguu yake vimekakamaa karibu na shavu langu. Nilivishika. Nilikuwa na hasira, na hata sikujua namkasirikia nani.

Mipango tuliifanya kwenye kinu, kwa kuwa mahali pekee pa kusema bila kusikika ni pale mchi unapopiga. Zuwena akitwanga, mimi nikitwanga, na baina ya pigo na pigo neno moja. Barabara ya kitongoji haikufaa: ilipita mbele ya baraza la duka, na Mzee Shaame hakai pengine. Lakini njia ya wakata ukindu ilizunguka ndani ya msitu, na baada ya kivuko cha kwanza ilitoa kijia kinachotokea barabara kuu, mbali na macho ya watu wetu. Gari la abiria lilipita huko baada ya adhuhuri kuelekea Konde na Wete. Wete angelala kwa shoga yake, na meli ya Unguja inang'oa kesho yake. Kazi yangu ilikuwa kuingia naye kama tunaokwenda kukata ukindu, kumpeleka mpaka kwenye kijia, kisha kuumaliza mzunguko peke yangu nikiwa na mzigo kichwani. Nikiulizwa, Zuwena yuko nyuma anaoga mtoni. Mpaka waje wamtafute, gari lishapita. "Miye nikifika salama," alisema akipepeta, sauti ya chini, "ntarudi kwa Ami nimevaa nguo nyeupe, nimuombe radhi kwa magoti."

Hapa sharti nieleze jambo la wakata ukindu wa upande ule, kwa sababu bila hilo hakuna kisa. Mara ya kwanza Bi Hidaya aliponipeleka kukata makuti machanga ya mkindu, alinisimamisha ukingoni mwa miti akaniuliza jina langu. Nikamwambia unalijua, Mize. Akanipiga kofi la bega. "Hilo liwache hapa. Mle ndani ntu haitwi jina lake." Akanieleza kwa sauti ileile anayotumia kueleza namna ya kupika wali. Mnaingia wawili wawili. Kabla ya kuingia kila mmoja humpa mwenziwe jina la mwituni, jina la kitu cha nyumbani, lisilokuwa la binadamu. Mkipoteana, aliyekupa jina ndiye anayekuita kwa jina hilo, na wewe huitika. Ukisikia unaitwa jina lako la kawaida, nyamaza. "Hata ikiwa ni sauti ya mamako. Zaidi ikiwa ni sauti ya mamako." Palikuwa na mwanamke wa kitongoji jirani aliyeitika, akaifuata sauti, na kilichopatikana ni mundu wake. Na jina la mwituni halitumwi: huwezi kumpa mtu mwengine akakuitie mwenzako, likitoka mdomo mwengine lishaharibika. Mzee Shaame, asiyekosa sala ya jamaa hata moja, aliyaita hayo mambo ya kijahilia na hakutaka kuyasikia nyumbani mwake. Bi Hidaya hakubishana naye, alitufundisha uani akikuna nazi. Mimi msomi nilicheka, lakini kila nilipoingia msituni nilifanya kama walivyofanya wenzangu, na baada ya miezi michache nilikuwa sichekei tena.

Siku yenyewe anga lilikuwa zito tangu alfajiri. Bi Hidaya alituchomea mikate ya mofa, na mimi kila kipande nilikiona kama udongo. Nguo za Zuwena, viatu vyake vya ngozi na kitambulisho cha skuli vilikuwa chini ndani ya pakacha, juu yake tumeweka miundu na kamba. Mzee Shaame hakuenda barazani asubuhi ile. Alikaa mlangoni akinywa chai ya mchaichai, na tulipotaka kupita akasema, "Mvua yaja. Kwani ukindu lazima leo?" Zuwena akasema rangi ishachemshwa, itaharibika. Mzee akainama akalinyanyua pakacha ili amtwishe, kwa upole wake ule ule, na nikaona mkono unasita. "Pakacha zito hili." Nikafungua mdomo, na mwenyewe sijui ningesema nini, lakini Bi Hidaya alinitangulia kutoka jikoni, hata hakugeuka: "Nimewatilia muhogo na nazi. Wakikwama na mvua wale nini, majani?" Mzee Shaame akamtwisha. Tukatoka. Nyuma yetu Bi Hidaya alikuwa akifagia uwa uliokwisha kufagiliwa, na Zuwena hakuthubutu kumtazama kwa kuwa angelia.

Ukingoni mwa msitu tukapeana majina. Alinitazama juu chini akasema, "Weye Kifumbu. Hakuna kinachokaa ndani yako, chote chavuja." Kifumbu ni kile kijifuko cha kuchujia tui la nazi, na kweli nilikuwa na mdomo. Mimi nikamwita Upawa, kwa urefu wake na wembamba wake. Tukacheka kidogo, kicheko kikakata upesi. Kisha tukaingia, tukaufuata mto. Sijui watu wanaokuja kutembea kwa raha wanaona nini. Mimi siku ile niliona migongo tu. Kila shina la mtondoo nililiona kama mgongo wa mtu anayemjua Mzee Shaame. Popo walikuwa wamening'inia juu wakigombana, kima wakavunja tawi, na kila kikivunjika kitu Zuwena alishika pakacha kwa mikono miwili. Tulikata ukindu haraka haraka, mizigo miwili ya uongo na kweli, tukavuka nayo mto pale kivuko cha kwanza, maji ya vifundoni, tukaificha kando ya njia. Kwenye kijia hatukukumbatiana. Aliniambia, "Nenda sasa, Kifumbu, usisimame." Nikaenda. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri ya kumuaga tangu wiki iliyotangulia, na sikuyasema.

Mvua ilinikuta nimeshaichukua mizigo yote miwili, na ilikuwa ile mvua ya masika isiyokuwa na matone, maji matupu. Kivuko cha pili hakikuwa na daraja, palikuwa na gogo lililolazwa kutoka ukingo hadi ukingo. Nilipofika katikati gogo likajigeuza. Nilianguka upande wa chini wa mto, na gogo likanifuata, likanibana kifundo cha mguu baina yake na mzizi mkubwa uliokuwa chini ya maji. Mguu haukuvunjika, nilijua kwa kuwa niliweza kuvicheza vidole. Lakini hautoki. Nilivuta, nikasukuma, nikachimba kwa kucha, nikalia, nikatukana, nikaomba msamaha kwa kutukana, nikavuta tena. Mundu ulikuwa umekwenda na maji. Mwanzo maji yalikuwa magotini nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja. Baadaye yakafika mapajani, na rangi yake ikageuka kuwa ya chai ya maziwa, yakaja na majani na vijiti kutoka juu, na nikafahamu kwamba huko juu inanyesha zaidi kuliko hapa. Nilifikiri: Zuwena sasa yuko garini. Nilifurahi. Halafu nikafikiri: basi hakuna anayejua jina langu.

Mwanga ulianza kupungua nilipoisikia sauti. "Mizeee! Zuwenaaa! Mizeee!" Ilitoka upande wa kitongoji, na ilikuwa sauti ya Mzee Shaame, lakini haikuwa yake. Mzee Shaame nilimjua: sauti nzito, ya taratibu, ya mtu ambaye hajapata kuharakishwa na kitu. Hii ilikuwa imepanda juu, imepasuka, inalia. Nikajiambia kwa uwazi kabisa, kama ninavyowaambia wanafunzi jibu la hesabu, kwamba Mzee Shaame halii, kwa hivyo huyu si Mzee Shaame. Kila kilichotakiwa kinithibitishie kuwa ni yeye, uchungu wake, haraka yake, jinsi alivyolivuta jina la Zuwena mpaka pumzi ikamkatikia, ndicho kilichonithibitishia kuwa siye. Maji yalikuwa kiunoni. Nikatia ncha ya kanga mdomoni nikaiuma. Wako watu wanaonisikia nikisimulia wakasema nilinyamaza ili nisimfichue shoga yangu, na wanafurahi wakisema hivyo, na mimi huwaambia waache. Zuwena hakuwamo katika akili yangu wakati ule. Niliogopa, basi. Niliogopa sauti ile kuliko maji, na maji yalikuwa yameshanishika.

Ilikaribia. Nikasikia matawi yakisukumwa, nikasikia wanaume wengine wakiitana, nikasikia mmoja akisema mto umejaa hakupitiki huku. Sauti ikaita tena, mara moja, karibu sana, jina langu peke yake. Kisha ikaanza kwenda. Ikaenda, na mvua ikaifunika, na nikabaki nikisoma kila sura niliyoihifadhi nikiwa chuo cha Kurani, nikizichanganya, nikianza moja na kumalizia nyengine. Maji yalifika chini ya kifua. Nilikuwa nimeshaacha kuvuta mguu.

"Kifumbuuu! Wee Kifumbuuu!"

Ilitoka upande wa pili, upande wa barabara kuu. Nilitema kanga nikaitika kwa sauti ambayo sijaipata tena maishani. Zuwena alitokea kwenye miti akiwa na pakacha lake kichwani, kanga imemganda mwilini, viatu vya ngozi mkononi, na alipoona maji yaliponifika alitupa kila kitu akaingia. Alizamia, akainuka, akazamia, akatia bega chini ya gogo, halikutikisika. Akanishika kichwa kwa mikono miwili akanambia, "Sasa ntamwita Ami, na weye piga kelele nami." Nikamwambia usimwite, si Ami yule. Akanipiga kofi la uso. Akaita, "Amiii! Ami Shaame! Huku!" Na yule aliyekuja akianguka na kuinuka, kofia imempotea, ndevu zinachuruzika, analia kama mtoto, alikuwa Mzee Shaame mwenyewe. Yeye na wanaume wawili walilinyanyua gogo. Nilipotolewa alinifunika kwa shati lake, kisha akageuka kumtazama Zuwena, kuanzia uso mpaka miguu, na macho yake yakashuka kwenye pakacha lililopinduka ukingoni, nguo nyeupe zilizokunjwa vizuri zimemwagika kwenye tope. Aliinama akaziokota moja moja.

Nyumbani Bi Hidaya alitupa uji wa mtama wenye pilipili manga, akanikanda mguu kwa mafuta ya nazi ya moto, akimwambia mumewe kwa sauti ambayo haikukusudiwa kunong'onwa, "Nilikwambia hatoitika jina hilo. Nilikwambia." Mzee Shaame akasema, "Ulinambia." Halafu usiku, upande wa pili wa ukuta ule ule, sauti yake ya zamani imerudi: "Alikuwa yuenda zake, Hidaya. Na karudi." Kitandani nilimuuliza Zuwena imekuwaje. Akanambia gari halikuja. Alikaa barabarani mchana kutwa kwenye mvua, gari limekwama na tope huko Makangale juu, halafu akapita mtu na baiskeli akasema kuna watoto wawili wa kike wamepotea mwituni, wanaitwa hawaitiki. "Watu wakisema mushakufa, kwa kuwa hamuitiki," alisema. "Miye nkajua u hai kwa kuwa huitiki." Akaona hana gari, akaingia msituni. Ndivyo alivyonambia, na ndivyo alivyowaambia watu wote: gari halikuja. Nafasi ya uuguzi ilikwenda kwa mwengine. Mzee Shaame alimwambia kwa kinywa chake kwamba mwakani atampeleka mwenyewe, na naamini safari hii alikusudia, lakini mwalimu mkuu alisema kweli, hakuchaguliwa tena. Mwaka uliofuata aliposwa na kijana wa Kisiwa Panza, akakubali. Mimi mwaka huohuo nilikwenda Unguja, chuo cha ualimu. Zuwena alinifungia mzigo wangu, akanitilia mikate ya mofa ya njiani.

Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, na nimekula uzuri wake. Yeye amelima mwani, amezaa watoto saba, amezika mume. Sikuwahi kujiona ninamuonea. Nilimsikitikia, ndiyo, lakini kama unavyomsikitikia mtu aliyenyeshewa: ni mvua, nani wa kulaumiwa? Gari halikuja. Nimesimulia kisa hiki kwenye sherehe nyingi za skuli, na kila mara hapo kwenye gari watu hutikisa vichwa.

Rahma alitufikisha kivuko cha pili. Siku hizi pana daraja la mbao lenye vishikio, na maji chini yake safari hii yalikuwa hafifu, unaona mchanga. Magoti yangu yakaomba kukaa, tukakaa kwenye ubao miguu ikining'inia, Rahma akajitenga kidogo na simu yake. Nilikuwa na furaha. Nilimchokoza Zuwena kwa mzaha wangu wa siku zote. "Laiti gari lingekuja siku ile," nikamwambia, "saa hizi ungekuwa matroni mstaafu, unanipima presha bure, na mimi nisingekuwa na mtu wa kuniambia nimenenepa."

Kwa kawaida hunijibu upesi. Safari hii aliyatazama maji.

"Lilikuja, Mize."

Nilidhani anazungumzia jambo jengine. Nikamuuliza nini kilikuja.

"Gari. Lilichelewa kwa tope, lakini lilikuja. Nshapanda, nshakaa, pakacha nimelipakata. Tushaukaribia Konde. Yule ntu wa baiskeli hakunikuta barabarani, kalisimamisha gari, kamwambia dereva. Watu garini wakasema inna lillahi, wakawaombea. Dereva katia gia." Alikuwa akisema bila haraka, kama anayenieleza dawa za macho. "Nkagonga bodi."

Kilichotoka mwanzo, Mungu anisamehe, kilikuwa hasira. Nilimwambia miaka yote hii umenidanganya. Nilimwambia umeniacha nikisimama mbele za watu nikisema uongo. Sauti yangu ilipanda mpaka Rahma akageuka kututazama. Zuwena alinisubiri nimalize.

"Ningekwambia," akasema, "mwaka ule wa pili ungekwenda Unguja?"

Nisingekwenda. Ningebaki Makangale nikimlipa mpaka leo, na ningemchukia kwa kila siku ya malipo, naijua nafsi yangu. Yeye pia aliijua, akiwa na miaka kumi na tisa, akaamua peke yake kitandani pale, miguu yake karibu na uso wangu. Nikaanza kulia, kilio cha mtu mzima kisichokuwa na adabu, pua na macho. Nikamuuliza lile ambalo ningeliuliza siku ileile kama ningeijua kweli. Nilimuuliza kwa nini alishuka, na hali gari limejaa watu na hakuna hata mmoja aliyemjua, na hakuna ambaye angemlaumu.

Zuwena alinigeukia kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa swali ambalo hata watoto wangu wa darasa la pili wasingeuliza.

"Kwani nani mwengine angelikuita?"